Nywila ya Bwana Kamusi

Kiharusi hakikukiua kiburi cha Bwana Kamusi. Kiburi kilipelekwa hospitali pamoja naye, kikalazwa kitanda kimoja naye, na siku ya kuruhusiwa kikaketi pamoja naye kwenye kiti cha magurudumu, kimenyooka kuliko mwenyewe. Ugonjwa ulichukua mguu na mkono wa kushoto, ukauacha ulimi. Mkewe angeulizwa, angechagua kinyume chake, lakini mkewe hakuwa mtu wa kuulizwa.

Bwana Kamusi lilikuwa jina la utani. Alipewa na wanafunzi wake enzi zile anafundisha chuoni, nao walimpa kwa kumcheka; yeye akalipokea kama cheo na kulivaa mpaka uzeeni. Mkewe naye alikuwa na jina alilopewa na mumewe, Karani. Wageni wakija, humtambulisha huku mama wa watu amebeba sinia: huyu ni karani wangu, namlipa chakula na malazi. Wageni hucheka. Yeye hutabasamu, akamimina chai, akarudi jikoni. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Siku ile ya kurudi nyumbani Bwana Kamusi hakuomba maji wala kitanda. Alisema apelekwe kwenye tarakilishi. Watu wote wa nyumba ile, na watu wote wa mtaa ule, walisema kompyuta. Yeye peke yake ndiye aliyesema tarakilishi, na ukisema kompyuta mbele yake utasahihishwa hapohapo, hata kama umekuja kuleta habari ya msiba.

Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba, dirisha lake likitazama ukuta wa jirani. Mlikuwa na meza ya miguu mirefu aliyoinunua kwa mchora ramani za majengo aliyestaafu, meza ya kusimamia, na kando yake stuli ndefu. Kwenye kiti cha magurudumu, kidevu chake kilifika ukingoni mwa meza kama mtoto anayechungulia chakula cha wakubwa. Basi mkewe akaiteremsha kibodi, akaiweka juu ya sinia ya chai, na sinia akaiweka mapajani mwa mumewe. Akawasha mashine. Bwana Kamusi akainama, akazitazama herufi, akaandika neno lake kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia.

Mashine ikamjibu kwamba neno si sahihi.

Akaandika tena, polepole, akilitamka kwa sauti silabi moja baada ya nyingine. Hakuona haja ya kumficha mkewe. Nani humficha kuku ufunguo? Mwe-nye-we. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la siri, mwenyewe, na mtu aliyemjua hata kwa wiki moja angeweza kulibahatisha. Mashine ikalikataa. Akajaribu kwa herufi kubwa mwanzoni. Ikakataa. Akaondoa kidole kwenye kibodi, mdomo umepinda upande mmoja, akasema kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kwake: "Limenitoka."

Sasa niseme jambo lenyewe mapema, nisije nikaonekana namficha mtu. Halikuwa limemtoka. Neno lilikuwa lilelile, na kichwa cha Bwana Kamusi kilikuwa kizima kama sufuria mpya. Katika nyumba ile alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua hivyo, naye alikuwa amesimama nyuma ya kiti, ameshika kikombe.

Ndani ya mashine ile mlikuwa na kamusi ya maneno ya kazi za mikono: maneno ya waashi, maseremala, washonaji, wakunga, wachinjaji, wapiga pasi, watu wote wanaotaja kwa ulimi kile wanachokishika kwa vidole. Nje ya mashine ile kamusi haikuwepo popote. Bwana Kamusi alikataa kuweka nakala kwenye flashi, akisema flashi hubeba virusi na wezi, na wezi wenyewe aliwataja: wasomi wenzake. Kwa kuwaogopa haohao alimwita mtu akamtegea mashine isichezewe. Mtu akikosea nywila kupita kiasi, ijifute yote iliyomo.

Maneno hayo aliyakusanya nani? Mkewe. Walipokutana alikuwa msomaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji, mwanamke mwenye kalamu nyekundu sikioni, na alimrudishia Bwana Kamusi makala yake ikiwa imechubuka kila ukurasa. Bwana Kamusi alimwoa kwa ajili ya lile jicho lake. Alisema hivyo mwenyewe, siku za mwanzo, siku tamu. Halafu ikaonekana kwamba yeye hawezi kukaa na mwashi. Mwashi akitaja kitu, Bwana Kamusi humsahihisha, na mwashi huinuka akaenda kuchanganya saruji. Kwa hiyo alikwenda mke. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akauliza, hiki mnakiitaje, na hiki kikivunjika mnakiitaje, na anayekivunja mnamwitaje. Aliandika kila neno kwenye kadi, akazirudisha nyumbani kwa mafungu, na mumewe akaziingiza kwenye mashine, akiongeza maelezo yenye mikato mingi.

Neno mavune, uchovu wa kazi unaosalia mwilini, alilipata kwa wanawake waliokuwa wakiponda mawe kufanya kokoto. Mmoja wao aliweka nyundo chini, akajikanda bega, akasema, leo sina maumivu dada, nina mavune. Maumivu yana sababu, mavune yana historia. Alipolileta neno hilo nyumbani, Bwana Kamusi aliacha kunywa chai akamwomba alirudie. Ilikuwa mara ya kwanza kumwomba arudie kitu. Haukupita muda akalitolea hotuba kwenye mkutano wa wasomi, akiliita neno nililolichimbua. Mkewe alikuwa ameketi viti vya nyuma, amemshikia koti.

Hawakujaliwa watoto. Wifi yake, dada wa Bwana Kamusi, alilizungumza hilo kila alipopata nafasi, na asipopata aliitafuta. Zamani, siku moja, mume alimtetea. Alisema mbele ya dada yake, kamusi ndiyo mtoto wetu. Mtoto wetu. Mke aliishika kauli hiyo miaka yote kama mtu anavyoshika kamba kisimani. Kadi zilipokwisha kuingizwa zote, Bwana Kamusi alizichoma uani, akasema karatasi ni chakula cha mchwa. Mke alimwagia maji majivu yale, akajiambia si kitu, mtoto yupo ndani ya mashine.

Kisha akafanya kosa. Siku moja aliufungua ukurasa wa kwanza wa kamusi, penye jina la mumewe, na chini yake akaandika lake. Hakuliweka juu, wala sambamba. Aliliweka chini, kwa herufi ndogo zaidi.

Asubuhi yake Bwana Kamusi aliliona. Alikuwa amesimama mbele ya ile meza ndefu, kikombe cha chai mkono wa kushoto, na hakupandisha sauti. Alimgeukia mkewe, akamkazia macho, akasema, "Karani, mleta kuni hawi mpishi." Na hapohapo, bila kuyatoa macho usoni mwake, mkono wa kulia ukabadilisha nywila ili asiweze kuingia tena. Alijifunza kuandika kwa taipureta, tena hakuna alichojivunia kama kuandika bila kutazama.

Mke aliinamisha kichwa kwa aibu, ndiyo maana akauona mkono. Ulikuwa umetua vibaya. Ulikuwa umesogea kulia kwa herufi moja, basi neno zima likahama nyumba moja kwenda kulia, kama ukoo unaohamishwa kupisha barabara. Mashine haikuonyesha herufi, ilionyesha vidoti. Ikamwomba arudie, naye akarudia akiwa amesimama palepale kwa hasira ileile, mkono ukakosea vilevile, mashine ikaridhika. Tangu siku ile kila asubuhi alisimama hivyo, chai kushoto, macho ukutani, na mkono ukaenda wenyewe mahali pabaya, kama punda anayejua njia ya zizini. Kwa hiyo nywila aliyoamini ni mwenyewe haikuwa mwenyewe hata siku moja. Ilikuwa takataka ya herufi, na ilimtii kwa sababu alikosea kwa uaminifu.

Sasa kibodi ilikuwa mapajani. Sasa, kwa kuwa hakuuamini tena mwili wake, alizitazama herufi na kuzibonya kwa usahihi. Alikuwa sahihi maisha yake yote na hakuna lililompata. Siku hiyo usahihi ulimponza.

Wakati mumewe yuko hospitali, Karani aliingia chumba kile akiwa na kikombe. Alisimama mahali pa mumewe. Chai kushoto, macho ukutani, mkono wa kulia nyumba moja kando. Mashine ikafunguka kama mlango wa jirani mwema. Alisoma ukurasa wa kwanza: jina moja. Akaenda kwenye ukurasa wa shukrani, maana moyo wa binadamu hauachi kutafuta. Walishukuriwa maprofesa, wakiwemo wale wezi. Kilishukuriwa chuo. Alishukuriwa mkutubi, na fundi aliyerekebisha taa ya meza. Mstari wa mwisho ulisema: na mke wangu, kwa chai.

Aliketi juu ya stuli mpaka kikombe kikapoa mkononi. Kwenye mkoba wake mlikuwa na flashi aliyoinunua kwa siri siku nyingi. Angeweza kunakili kila kitu na kuondoka nacho. Hapa anayetaka kumlaumu amlaumu. Aliirudisha flashi kwenye mkoba kwa sababu aliona ni dharau kuiba kilicho chake. Akaizima mashine, akajiwekea sharti moja, jepesi kabisa: akiniuliza, nitamwambia. Hakutaka kuombwa radhi. Alitaka kuulizwa, kama anavyoulizwa mtu anayejua kitu.

Bwana Kamusi aliuliza kila mtu. Alimuuliza daktari, na daktari akasema kwa upole kwamba kiharusi huweza kudondosha kitu hapa na kitu pale, mzee asijitese. Maneno hayo yalimwingia kama hukumu. Aliwapigia simu wanafunzi wake wa zamani kuwauliza kama aliwahi kuwatajia nywila yoyote, na wanafunzi, wengine wakiwa na mvi sasa, walikata simu wakacheka halafu wakajuta. Alimuuliza dada yake majina ya mbwa wa utotoni. Alijaribu jina la shule, jina la kijiji, jina la mama yake. Kila alilolijaribu lilikataliwa, na mashine ikaanza kumfungia nje kwa muda mrefu zaidi kabla ya kumruhusu tena, huku ikimwonya kwa maandishi mekundu. Kila jioni mkewe alimwondolea sinia mapajani. Yeye, mkewe, hakuulizwa kitu. Bwana Kamusi hakujaribu hata jina la mkewe.

Wifi alikuja, akakaa, akala, akasema kichwa cha kaka yake kimekwisha, mashine iuzwe. Alilisema hilo sebuleni kwa sauti ya kufika chumbani.

Ndipo Bwana Kamusi alipoanza kujipima. Akiamka alfajiri, kabla hajaoshwa uso, alizitaja ngeli za nomino kwa mpangilio, zote, kama mtu anavyopapasa mifuko kuona kama pochi ingalipo. Siku moja alizitaja akitazama dari, mkewe akimbadilishia shuka. Alizitaja vizuri. Hakuna iliyopungua wala iliyotangulia mwenzake. Alipomaliza alivuta pumzi, na usoni mwake kukaja kitu kama faraja, na mkewe aliiona faraja ile ikija.

"Umeruka moja," akasema.

Hakupanga kusema hivyo. Neno lilitoka lenyewe, jembamba, na mara lilipotoka alijisikia vizuri sana. Ubaya una utamu wake, asiyeujua na ashukuru. Bwana Kamusi alifumba macho. Chozi likamtoka jicho la upande mzima, na jingine likatoka upande uliokufa bila yeye kujua, kwa hiyo halikufutwa.

Lile chozi lisilofutwa ndilo lililomgusa. Mchana wake alimkuta ameinamia kibodi, hajaiandikia, ameiwekea kiganja juu kama anayeibembeleza, na moyo wa mke ukamlegea. Akasahau sharti lake. Akasogea karibu, akaanza kusema, "Bwana, hiyo nywila yako..."

Hakumaliza. Bwana Kamusi alisema bila kugeuka, "Wewe na nywila wapi na wapi? Usinisimamie kichwani. Na hii chai imepoa."

Akaenda kuipasha moto.

Mchapishaji aliyeahidiwa kamusi akapiga simu. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotisha. Alisema mitambo inasubiri, lakini haiwezi kusubiri kupita mwisho wa mwezi; kuna msomi mwingine ana kamusi yake ya namna hiyohiyo, nyembamba kidogo, lakini iko tayari. Akalitaja jina lake. Alikuwa mmoja wa wale wezi. Bwana Kamusi aliweka simu chini, akaagiza aitwe fundi.

Fundi wa kompyuta alikuwa binti mwenye begi mgongoni na adabu tele. Aliamkia, akakaribishwa, akavua viatu, akauliza ni lini mzee alisahau paswedi yake.

"Nywila," akasema Bwana Kamusi.

"Ndiyo mzee, nywila. Kwenye kompyuta hii..."

"Tarakilishi."

Binti akaifungua mashine, akaikagua kimyakimya. Alichomeka kitu, akachomoa, akasoma yale maandishi mekundu mara mbili. Kisha akapiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu, kama mtu anayetaka kumwambia mgonjwa ukweli, akamweleza. Vilivyomo ndani vimefungwa na neno hilohilo. Hakuna mlango wa nyuma, si kwake wala kwa fundi mwingine. Na aliyeitegea mashine ameitega kikwelikweli. Limebaki jaribio moja. Likiwa sahihi, itafunguka. Likikosewa, itajifuta, na ikishajifuta hata aliyeitengeneza hawezi kukirudisha kilichokuwamo. Akamshauri waiache vilevile, izimwe, ifunikwe. Huenda kumbukumbu ikarudi yenyewe siku mzee amepumzika.

Bwana Kamusi alisema hana siku za kupumzika. Alisema amefikiri usiku na mchana, na kila anakokwenda anarudi kwenye neno lilelile. Ni mwenyewe. Lilikuwa mwenyewe tangu mwanzo. Huenda lile alilolikosea mwanzo ni herufi moja tu kwa kutetemeka kwa mkono. Sasa mkono umetulia.

Binti alitazama huku na huku, akamwona mwanamke amesimama karibu na mlango, ameshika sinia. Akainuka.

"Mama, samahani. Kabla mzee hajajaribu. Wewe unaishi naye, unamwona kila siku akiiwasha. Hukuwahi kumwona anaandika nini? Au anaandikaje?"

Anaandikaje. Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Limeulizwa hatimaye, tena sawasawa, na mtu asiyempikia wala kumwogesha. Karani aliweka sinia chini. Ndani ya mashine ile mlikuwa na waashi wake, wakunga wake, yule mama wa kokoto, mafungu kwa mafungu ya asubuhi zake juu ya ndoo zilizopinduliwa. Mumewe alikuwa mmoja tu mle ndani, yeye alikuwa wote waliobaki. Akafungua mdomo.

Bwana Kamusi akacheka. Kilikuwa kicheko cha nusu mdomo, kikamtoa mate. "Huyu?" akasema. "Binti yangu, usijichoshe. Huyu hata kuiwasha hajui. Huyu ni wa chai."

Fundi aliona haya kwa niaba ya wote. Hakugeuka, aliendelea kumtazama yule mama, akauliza kwa sauti ndogo, "Ni hivyo, mama?"

Jirani, ng'ambo ya ukuta, alikuwa akikung'uta zulia.

"Ni kama mzee alivyosema," akajibu Karani.

Akaichukua kibodi mezani, akaiweka juu ya sinia, sinia mapajani, akainyoosha ikae vizuri. Akamwekea mto nyuma ya mgongo asije akatetemeka. Bwana Kamusi aliinama, akaandika neno lake, herufi moja moja, kwa uangalifu, bila kosa hata moja. Hakuna mwanafunzi ambaye angeliandika vizuri zaidi. Akabonyeza.

Skrini ikawa nyeusi. Kisha ukatokea mstari mwembamba mweupe uliokuwa ukijaa taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, na Bwana Kamusi akauliza kwa furaha, inafunguka? Fundi alikuwa amejiziba mdomo. Mstari ulipojaa, mashine ikamkaribisha kwa rangi nzuri kama mgeni ambaye hajawahi kufika, ikamwomba achague lugha yake, halafu ikamtaka atunge nywila mpya, ikamshauri: iwe ngumu kwa wengine kuikisia, rahisi kwako kuikumbuka.

Binti alikataa ujira wake. Mlangoni, akivaa viatu, alimwambia mwenye nyumba pole mama, na mwenye nyumba akamwambia asante mwanangu, umejitahidi. Alipokwisha kuondoka, Karani aliingia jikoni, akajiegemeza kwenye karo, akalia. Alilia kama aliyefiwa, na ndivyo ilivyokuwa, maana alikuwa amemzika mwanawe kwa mikono yake ili baba mtu asimpate. Halafu akanawa uso. Mchele ulikuwa bado haujachambuliwa.

Kwa siku nyingi Bwana Kamusi hakuomba kupelekwa kwenye tarakilishi. Kiburi, ambacho kiharusi kilikiacha, sasa kilimtoka chenyewe, kidogo kidogo, kama hewa kwenye mpira. Alikula alicholishwa. Aliacha kumsahihisha mtu. Wifi alisema kompyuta mbele yake, akasema tena kwa kusudi, na kaka mtu akatazama dirisha. Kamusi ya yule msomi mwingine ikachapwa.

Halafu asubuhi moja, mkewe alipokuwa akimfunga vifungo vya shati, alimshika kifundo cha mkono kwa ule mkono mzima. Akamwita. Hakusema Karani. Alimwita kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, na alilitamka kwa woga, kama mtu anayejaribu ufunguo wa zamani.

"Nimefikiri," akasema. "Maneno hayakufa. Yako kwako. Wewe ndiye uliyeyaleta yote, mimi nilipanga tu. Nitaje nisitaje, ndivyo ilivyo. Tuanze upya, wewe unasema, tunaandika. Jina lako tutaliweka mbele. Mbele kabisa, langu chini."

Mkewe alikuwa kwenye kifungo cha katikati. Mikono ikasimama. Hayo ndiyo maneno aliyoyasubiri tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na yalikuwa yametoka yote, kwa mpangilio, kutoka kwenye mdomo uleule. Aliyasikiliza mpaka mwisho. Aliyapekua moyoni kutafuta mahali pa kuyaweka, akakuta pamejaa.

"Tuanze na lile la wanawake wa kokoto," Bwana Kamusi akaendelea kwa haraka, kama anayeogopa kukatizwa. "Yale machovu yanayobaki mwilini, kazi ikishakwisha. Liko hapa ulimini, halitoki. Linaitwaje?"

Lilikuwa mabegani mwa mkewe wakati uleule. Lilikuwa kiunoni, lilikuwa kwenye viganja vilivyomgeuza kitandani alfajiri ile. Alilijua kama anavyojua njia ya jikoni gizani.

"Nimesahau," akasema.

"Huwezi kusahau wewe."

"Nimesahau, mume wangu. Na mengine pia. Uzee ni wetu sote."

Bwana Kamusi alimtazama usoni akitafuta kitu, na hakukipata, kwa sababu hakuwahi kujifunza kuusoma uso ule. Hofu ikamshika. Akaanza kuzitaja ngeli, kwa sauti ya kutetemeka, mpaka kidevu kikawa kinagonga kifua. Alizitaja zote. Safari hii alipofika mwisho hakutazama dari. Alimgeukia mkewe kwa macho ya mtu anayeomba maji, akamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu amwoe, kuhusu kichwa chake mwenyewe.

"Nimeruka?"

Mkewe alimalizia kifungo cha mwisho, akamfuta mate pembeni mwa mdomo, akainyoosha kola.

"Moja," akasema, akaenda kubandika maji ya chai.